Kaburi la Pazi Rwamagana

Mwanamkasi binti Abdillah hakuwa na ugomvi na wafu. Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, nyumba yao ya Mlingotini ilipokusanya watu wa kusoma hitima, yeye ndiye aliyeandika karatasi ya majina ya marehemu wa ukoo: baba, mama, mababu, shangazi waliokufa wangali wadogo, hata jirani mmoja ambaye hakuacha mtu wa kumkumbuka. Jina moja tu hakuliandika. Miaka thelathini na moja imamu aliisoma karatasi ile tangu mwanzo hadi mwisho, na Pazi, mume wake, hakuwamo.

"Huyo hajafa," aliwaambia waliothubutu kuuliza. "Huyo ameoa."

Ndivyo habari ilivyofika. Pazi alikuwa dereva wa lori, akipeleka chumvi ya pwani mpaka Kigali. Aliondoka mwishoni mwa mwezi wa tatu, mwaka tisini na nne, akamwacha Mwanamkasi na mtoto wa kike wa miezi mitano. Siku chache baadaye mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda, na redio haikuwa na jambo jingine la kusema. Halafu Shamsudin, dereva mwenzake, akarudi amekonda kama ufito, akasimamisha lori Msata, na kabla hata hajanywa chai akayatoa aliyoyaona. Alimwona Pazi kwenye kizuizi cha barabarani, kule kule Kigali, amekaa na mwanamke mbele ya lori. Wenye mapanga walipouliza huyu nani, Pazi alijibu kwa sauti ya kusikika: "Mke wangu." Wakampisha. Tangu hapo hakuonekana tena.

Kutoka Msata hadi Bagamoyo ni mwendo wa kuhesabika, lakini maneno yalifika kabla ya basi. Sheikh alimshauri Mwanamkasi asubiri miaka minne, kisha akae eda, maana mume asiyejulikana alipo huhesabiwa amekufa. Mwanamkasi akasema eda ni ya mtu aliyefiwa, si ya mtu aliyeachwa kwenye mataa. Akanunua karai, akaanza kukaanga samaki pale soko la samaki Bagamoyo, na kwa karai hilo akamlea binti yake Nadhira, akamsomesha mpaka akawa mwalimu. Wanaume walikuja kuposa. Aliwageuza upande huu na upande huu kama vibua, kisha akawaopoa wakiwa wameiva kwa maneno. Mdomo wake ulijulikana kuliko samaki wake, na samaki wake walikuwa hawana mfano.

Asije mtu akadhani hakuumia. Alimpenda Pazi sana, na ndiyo maana alimchukia sana.

Mwaka huu, baada ya Idi, akaja sokoni msichana mgeni, mwanafunzi wa chuo cha uvuvi cha Mbegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kolekole au changu?"

"Namtafuta mama mmoja anaitwa Mwanamkasi. Mume wake aliitwa Pazi, dereva wa lori la chumvi."

Mwanamkasi aliwaacha samaki waungue, jambo ambalo halijapata kutokea. Akamtazama yule msichana kutoka juu hadi chini, na kwa kuwa hakujua aseme nini, akauliza linaloulizwa na kila mtu wa pwani baada ya salamu. Ukishajua kabila la mtu, unajua kama ni mtani wako, na kama ni mtani, unajua matusi yaanzie wapi.

"Wewe kabila gani?"

"Mnyarwanda."

"Hilo taifa, mwanangu. Nimekuuliza kabila."

"Basi ndilo hilo, mama," msichana akasema. Alitabasamu.

Jina lake Ashura. Kwao Rwamagana, mji ulio kwenye barabara ya kutoka Kigali kwenda mpakani, na bibi yake, Bi Kuruthumu, ndiye aliyemwagiza. "Mume wako amezikwa kwetu," alisema polepole. "Kaburi lipo, bibi analitunza. Na yuko mama mmoja anaomba kukuona. Amekutafuta miaka mingi, lakini alikuwa na majina tu, na Bagamoyo kina Pazi hawana idadi."

"Mama gani huyo?"

Ashura akainamisha uso. "Yule aliyekuwa naye ndani ya lori. Amenisihi nisikwambie zaidi. Anataka akwambie mwenyewe."

Usiku ule Mwanamkasi hakula. Kumbe mwanamke yupo! Shamsudin hakuzua. Alitaka kujua jambo moja tu, kama Pazi alimwacha kwa ajili ya mwanamke yule. Likiwa kweli, atarudi Mlingotini na karatasi yake itabaki kama ilivyokuwa. Likiwa uongo, basi yeye ndiye aliyemnyima maiti dua miaka thelathini na moja, na hilo lilimtisha kuliko uke wenza. Asubuhi akamwambia Nadhira aombe ruhusa shuleni.

Walisafiri mwezi wa tano, Ashura alipopata likizo. Mwanamkasi hakujua ni zawadi gani unampelekea mtu aliyekuchukulia mume, lakini aliyekuzikia mume unajua, kwa hiyo akafunga nazi kumi na mbili, ubani, mkeka mpya na ndoo ya samaki wa kukaanga. Ndani ya basi watu walilalamikia harufu ya samaki hadi Morogoro. Kufika Singida walikuwa wamewala nusu, wakimshukuru.

"Mama," Nadhira alisema walipokaribia mpaka. "Kule hawaulizani makabila. Tafadhali usije ukauliza."

"Sasa mazungumzo wanayaanzaje?"

"Mama!"

"Nimesikia. Kwani mimi mtoto?"

Rusumo walivuka daraja kwa miguu. Chini yao Mto Kagera ulikuwa ukipita kwa kishindo, wenye rangi ya udongo, na Nadhira akasimama akautazama, kwa sababu alikuwa amesoma mto ule ulibeba nini mwaka ule. Mwanamkasi hakuwa amesoma, ila aliziona picha kwenye magazeti wakati ule, na alikataa kuzitazama mara ya pili kwa kuhofu kumwona anayemjua. Akainua mikono akasoma Fatiha kwa ajili ya wote waliopita pale. Alipomaliza alijikuta akijiuliza kama Pazi, mwenye kaburi lake, naye amehesabika katika dua ile, na hakujua kama anapenda ahesabike.

Upande wa pili basi likahamia kulia mwa barabara, na Mwanamkasi akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka alipozoea. Milima ilipanda na kushuka bila kupumzika. "Nchi gani hii," alinung'unika, "haina hata tambarare ya kuanikia dagaa." Lakini barabara ilikuwa imefagiliwa kama ua wa bibi harusi, migomba imejipanga, na watu walisalimia kwa sauti ya chini. Kisha wakapita penye jengo dogo jeupe lenye kitambaa cha zambarau langoni. Mwanamkasi akauliza nini kile. Ashura akamwambia ni kaburi la pamoja, wamelala humo elfu kadhaa. Wakapita jingine, akauliza. Walipofika la tano aliacha kuuliza, akawa anasoma dua kimyakimya kila alipoona zambarau.

Stendi ya Kibungo, mama mmoja mwenye kibanda aliwaona wageni wamechoka, akawapa vikombe vitatu vya maziwa ya moto, akakataa kupokea chochote. Mwanamkasi aliyanywa taratibu. "Watu waliofanyiwa yale," alimwambia binti yake, "wanautoa wapi moyo wa kumpa mgeni maziwa?" Mwanamkasi alishukuru kwa Kiswahili mara tatu, na mara ya nne kwa kuushika mkono wa yule mama na kuuweka kifuani.

Nyumba ya Bi Kuruthumu ilikuwa karibu na msikiti. Bibi mwenyewe alikuwa wa miaka themanini hivi, mwenye Kiswahili cha zamani, safi, kwa kuwa Waislamu wa mji ule wamekizungumza tangu enzi za babu zao. Walisalimiana kirefu, wakaulizana hali za watu wasiojuana. Mkeka ukatandikwa, nazi zikapokewa kwa mshangao, chai ikamiminwa.

Ndipo akaingia mwanamke mwembamba wa miaka kama hamsini, amevaa sweta la kijivu. Bi Kuruthumu akasema, "Huyu ndiye Mukankusi, yule wa kwenye lori." Mukankusi akakaa upande wa pili wa mkeka. Alimtazama Mwanamkasi usoni bila kupepesa.

Mwanamkasi alikuwa ameyaandaa maneno yake ndani ya basi, maneno matatu makali, yamepigwa pasi. Akayatafuta, hakuyaona hata moja. Alimwona mtu tu. Mdomo ukamkauka, na mdomo wa pwani ukikauka hukimbilia pale ulipozoea.

"Karibu dada," akasema. "Na wewe kabila gani?"

Bi Kuruthumu akaitua chupa ya chai. Ashura akajifunika uso. Nadhira akafumba macho. Mwanamkasi aliyasikia maneno yake mwenyewe yakiwa yameshatoka, akatamani mkeka aliouleta ummeze. Swali lile, katika nchi ile, liliwahi kuulizwa na watu walioshika mapanga, na jibu lake ndilo lililoamua nani abaki na nani auawe. Akafungua kinywa aombe radhi.

Mukankusi akainuka. Akaweka mkono mmoja kiunoni, akanyanyua kidevu, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke aliyekuwa amekaa pale.

"Mkwere!" akasema kwa ukali. "Mimi Mwanamkasi binti Abdillah, Mkwere wa Bagamoyo. Mume wangu Pazi, dereva. Tuna mtoto mmoja wa kike, Nadhira, ana miezi mitano, nimemwacha kwa mama. Unanikodolea macho ya nini? Kwenu hakuna wanawake?"

Nadhira alifumbua macho. Ile ilikuwa sauti ya mama yake, hata kule kuvuta neno la mwisho. Maisha ya Mwanamkasi yalikuwa yamesimama mbele yake ndani ya sweta la mtu mwingine.

"Kwa maneno hayo nilijibu vizuizi sita," Mukankusi akasema, na sasa sauti ilikuwa yake tena, laini. Akakaa. "Usiombe radhi, dada. Swali hilo, hakuna anayestahili kuniuliza kama wewe. Nilikuwa nasubiri nikujibu."

Akaeleza. Alikuwa na miaka ishirini, Mtutsi, na jamaa zake wote walikuwa wameuawa siku mbili kabla. Alijificha ndani ya ghala la chumvi, nyuma ya magunia, na aliyeyasogeza magunia asubuhi alikuwa Pazi. Hakumjua, hajapata kumwona. Pazi alimtazama, akayarudisha magunia mahali pake, akaenda, akarudi na kitenge.

"Kitenge alisema amemnunulia mkewe. Akanifunga, akanifunika kichwa. Kutwa nzima akanifundisha. Aliniuliza kabila, nikisita anauliza tena. Nilikuwa nalia, nainamisha macho. Akaniambia kwa Kinyarwanda chake cha barabarani, dada, mke wangu mimi hainamishi macho. Mke wangu ana mdomo. Ukiinama watajua si yeye. Wakikuuliza, wakaripie." Mukankusi akapumua. "Basi nikawakaripia. Walikuwa na mapanga yenye damu, na mimi nawaambia kwenu hakuna wanawake? Wakacheka. Pazi akawaambia, ndugu zangu, mnaona taabu yangu? Wakatupisha. Dada, mimi nimeponea ukali wako."

Mwanamkasi alijishika kifua. Maishani mwake ameambiwa mengi kuhusu mdomo wake, na mama yake mzazi alimwonya kwamba utamfukuzia mume. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba umeokoa mtu.

"Shamsudin aliwaona," akasema kwa shida. "Alisikia, huyu mke wangu."

"Alisikia kweli. Kizuizi cha tatu. Lori jingine la Tanzania lilikuwa nyuma yetu."

Kizuizi cha saba kilikuwa pale pale, mwingilio wa Rwamagana. Waliokuwapo hawakuuliza kabila. Walitaka lori liwabebe, waende kuua mahali watu walipokimbilia kujificha. Pazi akawaambia mke wangu ashuke kwanza, aende akaombe maji nyumba ile. Mukankusi alipofika mlangoni kwa Bi Kuruthumu, aligeuka, akamwona Pazi akirusha funguo za lori kwenye bwawa la mafunjo. Wakampiga kwa marungu. Walipoondoka walidhani wameua.

"Marehemu Husseni, mume wangu, alimwingiza ndani," Bi Kuruthumu alipokea. "Aliishi siku tatu. Hakutupwa, mwanangu. Husseni alimwosha kwa mikono yake. Sanda tulikata shuka langu la harusi, jeupe, sikuwahi kulitandika. Wanaume wanne walimsalia humu humu chumbani, maana nje hapakutokeka, na alfajiri wakamzika."

Mwanamkasi alimwangukia yule bibi miguuni. Kwa miaka mingi alijiambia hajali Pazi amelala wapi, na sasa alijua kwamba kila kitambaa cha zambarau kule njiani kilimchoma kwa hofu kuwa hata hilo kaburi aliloambiwa ni la namna ile, bila maji na bila sanda. "Allah akulipe, mama," alisema, akarudia, na akarudia tena, kwa sababu Kiswahili chote cha pwani, pamoja na wingi wake, hakikuwa na neno lililotosha. Bi Kuruthumu alimpapasa kichwa kama mtoto.

"Alisema kitu?" Nadhira aliuliza. "Zile siku tatu?"

Bi Kuruthumu na Mukankusi wakatazamana, na ajabu, wote wawili wakawa kama wanazuia kicheko.

"Siku ya mwisho," alisema Mukankusi. "Husseni alimuuliza ana wosia gani. Akasema, mwambieni Mwanamkasi nimeoa kwa mdomo tu. Asinune."

Mwanamkasi alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakaja, yale ya mwaka tisini na nne ambayo hayakupata kutoka, na hakuna aliyejaribu kumnyamazisha. Ndiye yeye. Ndiye Pazi mwenyewe, roho inamtoka na bado anamtania mkewe. Na alijua! Alijua kabisa kwamba atanuna. "Nimenuna, Pazi," alisema kwa sauti, mbele ya watu. "Nimenuna miaka thelathini na moja, mume wangu. Niwie radhi."

Alasiri wakaenda makaburini. Kaburi lilikuwa la mawe yaliyopangwa, limepaliwa, na mlinzi wa pale alipomwona Mukankusi akamwamkia kwa furaha: "Mama Mwanamkasi, umeleta wageni?"

Mukankusi akaona haya. Akamshika Mwanamkasi mkono, akamvuta pembeni.

"Nisamehe. Mimi Mkristo, sikujua kaburini kwa Mwislamu mtu anasema nini. Na wakati ule Kiswahili changu chote kilikuwa yale aliyonifundisha. Niliona si haki alale ugenini bila mkewe kuja. Basi kila mwezi nikawa nasimama hapa, nasema, mimi Mwanamkasi binti Abdillah, mke wa Pazi, nimekuja. Halafu nakaa kidogo, naondoka. Leo umefika mwenye jina. Sitasema tena."

Mwanamkasi akaanza kukunja vidole. Alikuwa akihesabu. Miaka thelathini na moja, kila mwezi. Wakati yeye haliandiki jina la Pazi kwenye karatasi kule Mlingotini, kuna mtu huku alikuwa akimlipia deni hilo bila kuagizwa, kwa jina lake, wala hakukosa. Pwani watu hutuma wakili wa kuoa na wakili wa kuhiji. Wakili wa kumlilia mume hakupata kumsikia, na Mungu alikuwa amempa bure.

Mukankusi alikuwa amerudi nyuma, awapishe mama na binti. Mwanamkasi akamfuata, akamshika kiganja, akamleta mpaka kichwani mwa kaburi, akamsimamisha mbele yake. Nadhira akasimama upande wa pili.

"Tangulia wewe," alimwambia. "Sauti yako ndiyo aliyoizoea. Mwambie leo tumekuja wote wawili."

Mukankusi akanyanyua kidevu, akasema. Mwanamkasi akainua mikono akaanza kuomba, na alipofika mahali pa kumtaja marehemu, alilitaja jina la Pazi, jina lake na la baba yake, taratibu, lisipotee hata herufi.